Bawa Juu, Bawa Chini

Mbili tu zilikuwamo kwenye banda la mabati, Soroti,
asubuhi ambayo mvua ilikuwa imeufua Mwamba
na mbuzi walikuwa wamefukuzwa kwenye njia ya kurukia.

Ya kwanza nyekundu, bawa lake chini, ubavuni,
rangi ingali inanukia udukani,
skrini zake zinawaka kama simu mpya.
Ya pili nyeupe, iliyopauka kama shati la sare la mwaka wa tatu,
bawa juu ya paa, nguzo mbili zimelishika
kama mikono ya mtu aliyejitwika kitanda.

Binamu yangu Okiria, aliyekuja kunisindikiza
na ambaye hajawahi kupanda hata ngazi ndefu,
alisema, "Asekenye, usijiulize. Nyekundu.
Utapiga picha gani kwenye hilo kuukuu?"

Mimi nilikuwa na bahasha.
Ndani yake maksai wawili wa baba,
mwenye baka na mwenye pembe moja,
walionunuliwa na mtu wa Ngora kwa noti zenye vumbi la mtama.
Nilikuwa nimepiga hesabu njiani:
nyekundu, saa thelathini na moja;
nyeupe, saa arobaini na nne.
Saa kumi na tatu ni nini?
Ni kutua mara mia.
Ni kukosea mara mia, mwalimu angali kando.

Nikaanza na nyekundu, nisije nikajidanganya baadaye.
Kiti kilinipokea kama ofisi ya benki.
Mbele anga, kushoto bawa, kulia bawa,
na kinamasi cha Awoja, nilichotaka kukiona tangu utotoni kwa juu,
kingekuwa chini ya bati lile,
kimefunikwa kama chakula cha mgeni aliyechelewa.
Nikanyoosha mguu. Haukufika kwenye pedali.
Okiria akacheka. Mimi ni mfupi, sikatai.

Nyeupe: mlango ulihitaji bega. Kiti kilikuwa na kiraka.
Niliteremsha macho dirishani,
nyasi, gurudumu, mbuzi mmoja aliyerudi.
Mguu haukufika pia.

"Kuna mto," akasema Ekwaru, fundi, bila kuinua kichwa
kutoka kwenye plagi aliyokuwa akiisugua kwa mswaki.
"Wafupi wote waliotoka hapa wameukalia."

Kisha akafuta mikono, akaniita kwenye ukingo wa bawa,
penye tundu lisilotosha kidole.
Akalitandazia leso, akaweka mdomo, akavuta pumzi.

Bawa likalia.

Mlio mwembamba, wa mtete,
wa ndama aliyefungiwa nje.

"Ukiinua pua mno, mwendo ukapungua,
hewa itamponyoka. Kabla hajaporomoka
atakulilia hivi. Hata umeme ukizima, atalia.
Ile nayo hulia," akaashiria kwa kidevu, "lakini kwa waya."

Hapo nikamwona baba akimfunza dume changa kulima:
alimfunga nira na mzee anayeujua mfuo,
si yule wa pembe za kusifiwa,
bali yule anayeguna kabla ya kugeuka
ili mwenzake asivunjike shingo.
Ndiye huyo mwenye baka.
Ndiye aliyekuwa kwenye bahasha.

Sikuyasema hayo.
Nilisema, "Huo mto uko wapi?"

Okiria akaenda kupiga picha kwenye nyekundu, peke yake.

Ekwaru akanipa kikombe cha kioo,
akanionyesha kifereji chini ya bawa.
Nikakinga petroli, buluu hafifu, nikaiinua juani
nikitafuta maji yaliyojificha chini yake.
Yalikuwapo: tone moja, duara,
likizunguka kama jicho la kuku.

"Mwaga," akasema. "Kinga tena."

Nikamwaga.
Nikakinga tena.