Alhamisi, Nyuma ya Mashine ya Kusaga

Julai ya Kongwa, upepo haupigi hodi.
Unashuka mlimani na vumbi lake kwapani,
unapita chini ya mlango, unakaa nasi
kama mwanachama asiyelipa ada.

Tuko saba, nyuma ya mashine ya Msanjila.
Ikinguruma tunasemezana kwa nyusi,
ikinyamaza tunajikuta tunapiga kelele.
Unga hutua kwenye sufu, kwenye kope;
ikifika saa kumi sote tuna mvi,
hata Nyemo, ambaye hajatimiza ishirini.

Sindano zetu ni spoku za baiskeli
alizozinoa Senyagwa kwenye ngazi ya kanisa,
mwanamume pekee, mlinzi mstaafu wa ranchi,
aliyejifunza kufuma, anasema, kwa kuogopa usingizi.
Uzi tunautoa mnadani:
masweta ya mitumba yaliyotoboka viwiko,
kifuani majina ya shule tusizozijua.
Kwanza tunafumua, ndipo tufume.
Damari hupenda kuyachezea maneno:
fumua, fuma, fumba, fumbua.
"Mawili ya kwanza ni kazi yetu," husema,
"mawili ya mwisho ni ya mtoto na Mungu wake."

Kipimo kilitoka wodini.
Nesi Foibe hakuja na futi;
alileta kikombe cha bati, akakipindua mezani:
"Vichwa ni hivi. Msinizidishie.
Kofia ikiwa pana inawafunika macho,
nao hawana nguvu ya kulalamika."
Tangu siku hiyo kila kofia huvikwa kikombe,
tunakisogeza mwangani, tunakitazama usoni,
kikombe kisicho na uso.

"Wa leo," atasema Foibe akizihesabu,
"ana kilo moja na robo. Sukari ya wiki moja,
kwa nyumba yenye wageni."
Tunacheka, kisha tunaongeza kasi.

Daftari la mweka hazina:
kofia arobaini na moja, soksi jozi kumi na tisa,
skafu mbili za walinzi wa usiku
(hizo Senyagwa aliziombea kwa sauti ndogo).
Safu ya "zilizorudi" tuliichora tu
kwa kuwa karatasi ilikuwa na nafasi.

Alhamisi iliyopita akaingia dada mmoja,
miguu imevaa vumbi la Mlali.
"Mbukwenyi," akasema. Tukaitika.
Kwenye mfuko wa sukari akatoa kofia ya njano,
ukingo wa kijani. Nilikosea mishono miwili pale sikioni;
niliijua kabla hajaikunjua.
"Nimeifua," akasema. "Imekauka upesi.
Upepo upo."

Mashine ilikuwa imezimwa.
Hakuna aliyekohoa.
Senyagwa akasogea kwenye benchi,
akapangusa unga kwa kiganja pale palipobaki.

Hajui kufuma. Tukampa kufumua:
sweta la kijivu la mtu mnene.
Akakata mshono wa bega kwa meno
na uzi ukaanza kumjia, mfululizo, umejikunjakunja,
maana uzi uliokaa miaka kwenye kifua cha mtu
haunyooki kwa siku moja.
Akauviringa. Hatukumwuliza jina.
Mmoja alitaja bei ya alizeti,
mwingine akasema mtama wa Hogoro umeliwa na ndege.

Jua lilipofika kizingitini
sweta lilikuwa limekwisha, mikono na yote.
Akaliweka donge kwenye kiganja,
akalipima, akalihamishia mkono wa pili,
akalipima tena, taratibu,
kama mtu anayesikiliza.

"Halijafika," akasema.

Nikainuka, nikamletea sweta jingine.