Kadi Isiyotambulika

Mabela, saa nane mchana. Nje hata paka hapiti.
Nimeilaza kompyuta kifudifudi juu ya mkeka
kama mtoto anayepakwa poda mgongoni.
Betri nimeitoa. Bomba la jikoni nimelishika,
maana Haitham kanambia kwa simu kutoka Suhar:
Mama, mwili una umeme wake, umwage kwanza.
Miaka hamsini na tisa, sikujua kama ninao.

Skrubu kumi na moja kwenye kisahani cha halua.
Kadi yenyewe ndogo kuliko biskuti ya chai,
riali nne na nusu, bado inanukia plastiki.
Nyaya mbili zinaisubiri, nyembamba kama tambi,
vichwa vyake vishikizo vya gauni la mwanasesere.
Hapo mwanangu akataka niache.
Zikikatika, Mama, basi tena. Nunua mashine mpya.
Nikailaza simu ubavuni, aendelee kusema.
Mkono huu umedarizi kofia mia tatu na ushei,
kiua kwa kiua, tundu lisilopitisha ila sindano;
utashindwa na waya?
Nyeupe penye moja: ta.
Nyeusi penye mbili. Ikateleza. Bismillahi. Ta.

Nikaiwasha.
Skrini nyeusi, mstari mmoja wa Kizungu.
Nikausoma mara tatu, kisha nikautafsiri kwa sauti
kana kwamba kuna mtu chumbani:
Kadi isiyoruhusiwa imepachikwa. Zima. Iondoe.

Kumbe kuna kuruhusiwa.
Kadi nzima, nyaya zimekaa, kosa halionekani,
ila mashine ilizaliwa na daftari lake la majina
na hii haimo.

Dirisha lile nalikumbuka. Mwaka wa sabini na sita,
mimi wa miaka kumi na minne, viatu vya Kigoma miguuni,
mama amebana makaratasi kwapani.
Karani akauliza kabila, akauliza babu.
Mama akajibu kwa Kiarabu cha msahafuni,
kikamwishia katikati, akamalizia kwa Kiswahili.
Karani akafunua daftari, akalifunika.
Leteni anayewajua.
Siku arubaini tulilala kwa watu
mpaka akatokea mzee Sleyum wa Sanau, haoni jicho moja,
akamshika mama kidevu, akasema: pua hii ni yetu.
Wiki ile ile tukapewa bataka.

Shibu wa Ruwi, fundi, Mmalayali,
Kiarabu chake kama changu cha zamani.
Hakuniuliza mengi. Akaipindua mashine, akasoma namba,
akainamia boksi la kompyuta zilizokufa,
akatoa moja ya ukoo ule ule, kioo kimepasuka,
akaing'oa kadi yake. Ina kutu ukingoni.
Riali moja. Hii itakubaliwa, akasema. Hii ndugu yake.

Ikakubaliwa. Haikuulizwa hata salamu.
Majina ya mitandao ya majirani yakajipanga,
wa duka la maji, wa yule anayefuga mbuzi uani,
na wetu chini kabisa.
Neno la siri aliliweka marehemu, Kiswahili tupu,
mtaa mzima haujawahi kulibahatisha:
ndizinanyamayajana.
Oda kumi na saba za kofia za Idi, nyingine za wiki mbili.
Mmoja ameandika: Bi Rayya, umehama?

Skrubu moja imebaki kisahanini. Mashine haijalalamika.
Ile kadi mpya ipo kwenye kopo la vifungo,
imelala na sindano zangu za akiba.
Haitham anasema niitupe.
Haina kosa, nimemwambia. Haina kosa hata moja.