Wapangaji Wawili

Ndani ya kamera yangu wamo wapangaji wawili.
Mmoja anapima mwanga,
mwingine anatuliza mtikisiko.
Mlango mmoja, betri moja,
na mwaka wa nne huu sijawasikia wakisalimiana.

Nilidhani wanaongea.
Siku naichukua kwa Budeba, fundi wa Makoroboi,
alinionyesha swichi ndogo ubavuni mwa lenzi:
"Washa hii, na huo mkono wako
hakuna atakayeujua."
Mkono wangu wa kulia, tangu pikipiki initupe Nyakato,
hutetemeka kama kifuniko cha sufuria ya makande.

Basi nikawasha. Mengine nikaiachia yenyewe iamue.
Kipaimara, mahafali, harusi tatu za Buhongwa.
Mchana hakuna aliyelalamika.

Lakini jana, gati la Kamanga,
saa moja kasorobo, magari yamekwisha kupangwa,
Milembe kasimama kwenye reli ya kivuko,
sanduku la bati miguuni,
kidato cha kwanza, Sengerema,
soksi nyeupe kazivuta hadi magotini.
Giza lilikuwa linapanda kutoka majini.
Nikapiga.

Mpima mwanga akaogopa.
Hakuuliza kama jirani yuko macho.
Aliona giza, akaona mkono wa mtu yeyote,
akakimbilia moja ya mia mbili ya sekunde,
na kulipia haraka hiyo akapandisha ISO
mpaka uso wa mwanangu ukawa punje juu ya punje,
dagaa walioanikwa ufukweni
wakazolewa pamoja na mchanga wao.

Na yule mtulizaji, chumba cha pili,
amekaa kakunja mikono, kazi hana.
Hakuna aliyempigia hodi.

Nikazungusha gurudumu mwenyewe.
Moja ya nane. ISO nikaishusha, mia nne.
Nikabana viwiko mbavuni, nikaegemea nguzo ya kamba,
nikasikia ndani ya lenzi kasauti,
nyuki aliyefungiwa kwenye kiberiti:
kioo kinakwenda kushoto
mkono wangu ukienda kulia.
Tulitetemeka wawili, kinyume,
na katikati yetu pakatulia.

Picha ikatoka.
Reli, kila doa la kutu.
Onyo la uzito wa magari, linasomeka.
Taa za ng'ambo, nukta nukta.
Kufuli. Jina nililoliandika kwa rangi ya mafuta
likapinda mwishoni.
Soksi.

Ila Milembe alikuwa anapunga.
Mkono umekuwa moshi.
Na uso, mtu alimwita kwa nyuma, akageuka kidogo;
sasa ana nyuso mbili,
moja bado yangu.

Kumbe kitulizi humshika anayeshika,
hakimshiki anayeondoka.
Huyo anataka mwanga, au haraka,
na haraka ya gizani ina punje zake.
Hilo Budeba hakuniambia,
au aliniambia nami nahesabu noti.

Nimezichapa zote mbili.
Mama yake ameziweka mezani, karibu na taa,
akazitazama kama mtu anayechambua mchele.
Akachukua ile ya punje.
"Hii ina macho," amesema, basi,
akaichomeka kwenye kioo cha kabati.

Mimi nimebaki na ya moshi.
Karatasi haina swichi.
Nikiishika kwa mkono wa kulia
Milembe anaendelea kupunga.