Saba Bila

Walipomng'oa kunguru pale getini
wakabandika radi ya rangi ya chungwa,
Emrys Probert, mchana tiketi wa geti la pili,
alitia bisibisi mfukoni usiku
akaenda kuiba herufi moja.

Misimu mitatu jina jipya tulilishika
kwa ncha ya ulimi, kama mwiba wa samaki.
Jezi zilidoda dukani. Tulivaa za zamani,
viwiko vimetoboka.

Kisha Jumanne ile ya Februari, mvua ya Wales
ikitupiga ubavuni,
tukafungwa saba bila.
Nia, mjukuu wake, alilia akiliita lile jina.
Hakulijua jingine.

Emrys akamfuta kamasi
kwa skafu yenye kunguru.
Jumamosi herufi ilikuwa imerudi,
imepinda kidogo.