Sita na Nusu

Alhamisi, Sinaw. Mnada wa mbuzi umekwisha,
vumbi lao bado limening'inia chini ya paa la soko.
Nimeifunua juu ya blanketi,
kibali cha polisi kando, ndani ya nailoni,
wasije wakasema mwanamke huyu kaiba.

Kilo tatu, na hazitimii.
Matar bin Gharib aliinyanyua kwa vidole viwili, akacheka:
hii bunduki, au bakora ya bwana harusi?
Mbao imeusindikiza mtutu mpaka mdomoni.
Mkono wa komeo umelala bapa, kama kijiko.
Vifyatulio viwili: cha nyuma cha kuiamsha,
cha mbele cha kuituma.

Manlika, ya Austria.
Baba akiiita Malaika.
Labda hakuweza kuzisoma zile herufi,
labda alizisoma, akaona hazimfai.

Matar akaijaribu kwa kila kilichokuwamo mfukoni mwa soko.
Risasi ya Mwingereza, nene, ikagota mlangoni.
Ya Mrusi ikaingia nusu,
ikakaa kama mgeni asiyetaka kuvua viatu.
Ya Mtaliano, wembamba ule ule, mabega mengine.
Bibi, inakula nini hii?
Nikamjibu kwa Kiarabu changu chenye Tabora ndani:
sita na nusu, kwa hamsini na nne.
Safu nzima ya wauza bunduki ikaguna,
kama watu waliotajiwa kijiji kilichomezwa na mchanga.

Nilikuwa nayo moja.
Moja tu, ndani ya mkebe wa dawa ya viatu,
ndefu, pua ya mviringo, shaba imekuwa kahawia.

Sleyum bin Ghuseib, mfanyabiashara wa nta, Kwihara,
aliua pofu kumi na saba kwa bunduki hii.
Ndivyo alivyosema. Kila Idi pofu mmoja akizidi,
nasi tukimhesabia kwa vidole chini ya sinia.
Mwaka wa sabini na mbili akaileta huku vipande vipande
ndani ya godoro la sufi,
akaisimamisha nyuma ya mlango, Ibra,
akaipaka mafuta ya cherehani kila Ijumaa,
akiisemesha Kinyamwezi cha mama yake
pale alipodhani tumelala.

Wakamwita Dilmurad, fundi, Mbaluchi wa jicho moja zuri.
Akachomoa komeo,
akaweka karatasi nyeupe nyuma ya tundu,
akachungulia kutoka mdomoni, muda mrefu
mpaka chai yake ikafanya utando.
Mistari ya ndani mikali, akasema,
kama siku ilipochongwa.
Bunduki hii haijalia mara kumi.

Nikacheka. Sikujua nifanye nini kingine.

Kisha akaigeuza ile risasi, kitako juu.
Katikati ya fataki, kishimo.
Hii ilipigwa, akasema. Ikakataa.
Ilikuwa imeelekezwa wapi?

Sijui.

Niliwaza pofu wa kumi na nane, amesimama, masikio mbele.
Niliwaza mambo mengine pia, ya miaka ile,
ya milango iliyogongwa usiku,
nikayaacha.

Matar alikuwa ameshapiga hesabu.
Tutaupekecha mtutu, akasema, tuipanue koo,
ile chakula wanachokula wenzake.
Riali mia nne.
Na nyumbani kiyoyozi kimekufa tangu Mei,
wajukuu wanalala juu ya vigae kama samaki.
Mia nne na ishirini, kwa sababu wewe ni mama.

Nikasema la.
Nikalisema tena kwa Kiswahili, kwa nafsi yangu.

Gari lilikuwa tanuri.
Nikaiketisha kiti cha mbele, ndani ya blanketi lake,
nikaifunga mkanda, maana kengele ya gari ililia
ikidhani ni mtu.
Barabara ya Ibra nyeupe kwa jua.
Mkono mmoja kwenye usukani,
mwingine ndani ya mkebe.
Kishimo kile kinaingia ncha ya ukucha wangu.
Kinaingia barabara.