Uchachu wa Siku ya Ishirini na Nane

Alhamisi tunalikiza.
Saa kumi na moja alfajiri, Vendsyssel bado giza,
upepo wa Bahari ya Kaskazini unagonga mabati
kama mtu aliyesahau ufunguo wa kwake.
Tunawabeba wawili wawili, Evald na mimi,
joto lao kifuani, mayowe yao sikioni,
kutoka kwa mama hadi chumba cha taa nyekundu
kisicho na mama.

Hakuna anayeaga.
Nguruwe jike namba mia tatu na saba
anageuka, ananusa majani makavu,
analalia ubavu uleule aliokuwa akinyonyeshea.

Nikwambie habari ya matumbo yao:
ni jiko lisilojua bado kujichochea moto.
Maziwa yalikuwa yakichachuka humo yenyewe,
yakilinda mlango bila kutumwa.
Leo tumewapa shayiri, soya, unga wa watu wazima,
na mlinzi amebaki kule nyuma, kwenye chuchu.
Basi wasioonekana kwa macho huingia,
na kufika Jumatatu sakafu inateleza,
mikia imelowa, macho yamezama,
nami napita na ndoo.

Baba alikuwa na unga mweupe wa zinki.
Vijiko kadhaa, na kinyesi kikakauka kama chaki.
Hakuuliza unga huo huenda wapi baadaye.
Ulikwenda kwenye samadi, samadi ikaenda shambani,
ukakaa huko, hauozi, hauondoki.
Sheria ilipoukataza, aliukunja mfuko wa mwisho
akauweka kabatini, pamoja na cheti cha ndoa.

Mimi napima asidi.
Fomiki, ile inayowasha sisimizi akikuuma.
Laktiki, ile ya mtindi.
Sitriki, ambayo ukiitaja tu
mate yanajaa mdomoni kama umeona ndimu.
Miwani usoni, glavu hadi kiwikoni,
maana kinachomfaa mtoto ndani ya uji
kingenitoboa mimi kikiwa ndani ya pipa.

“Hii si dawa,” alisema Daktari Kirstine,
akikwangua tope kwenye buti lake.
“Unamkopesha tumbo mpaka apate lake.”
Ukizidisha, chakula kinamkera, anasusa,
na anayesusa siku ya kwanza
amekwisha kufungua mlango kwa mkono wake.
Ukipunguza, umenunua harufu.

Kwa hiyo napima. Napima tena.
Nachovya karatasi kwenye uji,
inatoka kijani, inafika rangi ya kiini cha yai,
naisogeza chini ya taa, sina hakika,
nachovya nyingine.
Evald anauliza kama napika au nasali.

Jumamosi Baba alikuja na mkongojo wake,
akanusa hewa ya chumba, akakunja pua.
Alisimama kimya kwa muda mrefu
hata nikajua anatafuta neno la kuniumiza.
Kisha akasema: “Marehemu mama, Bodil,
aliwamwagia maji ya jibini yaliyochacha.
Kila mara. Vitoto vilivyolikizwa kwanza.
Sisi tulidhani ni ubahili.”

Hakusema zaidi. Akachota kidole kimoja cha uji,
akaonja, mzee wa miaka themanini na moja,
akatema mate, akacheka.

Jumatatu ndoo ilikuwa na mmoja.
Sisemi nimeshinda; mmoja ni mmoja,
alikuwa na doa jeusi jichoni kama amepigwa ngumi,
na nilikuwa nimeanza kumzoea.
Wengine walikuwa kwenye kihori, bega kwa bega,
wakisukumana kama watu kwenye foleni ya mkate.
Niliinama nyuma yao, taa mkononi,
nikikagua mikia, mmoja baada ya mwingine:

mkavu. Mkavu. Mkavu.
Huyu, labda. Nitamrudia saa nne.
Mkavu.