Pengo

Gurudumu lilikuwa na meno thelathini na sita.
Moja nimelila kwa tupa, taratibu,
bandani Machomanne, mlango nimeurudisha nusu,
vumbi la chuma likinikaa kwenye kope.
Thelathini na tano, na pengo.

Bila pengo sensa ni kipofu na tasbihi isiyo kichwa:
anahesabu, anahesabu, hajui alipoanzia.
Pengo likipita, bodi inazinduka:
hapa. Pistoni ya kwanza inapanda.
Ngoja.
Nyuzi ishirini kabla ya kilele, cheche.

Kamshafti imechongwa upya, kabureta nne za pikipiki,
na distributa ya zamani nimeiweka rafuni, juu ya makopo ya rangi.
Transista nimezitoa kwenye televisheni ya Mzee Kombo
ambayo alisema hataki kuiona tena.
Nimelehemu kwa pumzi moja moja
kabla umeme wa Tanga haujatukatikia.

Nyumba ya bodi ni kijaluba cha Bi Time.
"Tambuu nimeacha," kasema, "meno yenyewe yako wapi?
Ila weye, usinitobolee kifuniko."
Nimetoboa ubavuni.

Marehemu ami Shaame hakuhitaji haya.
Distributa aliigeuza kwa vidole viwili,
kichwa kakiinamisha kama ananong'onezwa na mtoto:
bado... bado... hapo.
Kisha nati.
Siku ya hitima yake kila mtu alisema neno lilelile,
ameacha pengo,
nami nikayaona maneno ya watu wanaosubiri pilau.

Jana, baada ya isha, nikazungusha ufunguo.
Mara ya kwanza ikalipuka ekzosi,
mbuzi wa jirani akakata kamba.
Mara ya pili kimya. Waya mbili nilizipishanisha.
Mara ya tatu ikashika,
ikatetemeka, ikatulia, ikanguruma
hata vikombe vikagongana kabatini kwa Bi Time.
Elfu mbili. Elfu nne.
Elfu saba, na haigongi.

Nikajikuta nimeinamisha kichwa.
Bado, nasema, bado, wala hapana cha kugeuza,
vidole viwili viko hewani,
na kijaluba, kila mzunguko, kinafika penye pengo
kinaanza kuhesabu.

Dirisha likagongwa. "Zima hilo dubwana, watu wana alfajiri!"
Nimesikia, bibi.
Sikuzima.